Mtoki: kisa cha uvimbe wa titi uliotoka kisiginoni

Kisa hiki kilitokea katika hospitali moja ya rufaa nchini Tanzania. Umri kamili wa mgonjwa, kazi yake, wilaya na tarehe nimeviondoa, na mambo mawili madogo nimeyabadilisha ili asitambulike. Mtiririko wa matukio nimeuacha ulivyokuwa pamoja na makosa, na baadhi ya makosa hayo ni yangu mwenyewe.

Mgonjwa

Ni mama wa miaka arobaini na kitu, mwenye watoto wanne, ambaye bado alikuwa anaona siku zake. Alikuja kliniki ya matiti akisindikizwa na mdogo wake, akiwa na barua ya rufaa ya mstari mmoja: uvimbe titi la kulia, inashukiwa saratani. Uvimbe aliugundua akioga, wiki tano kabla. Haukuuma. Siku anaugundua ulikuwa kama punje ya karanga, na siku anafika kwetu ulikuwa kama limau.

Kasi hiyo ilipaswa kutusimamisha. Sisi tumezoea wagonjwa waliokaa na uvimbe mwaka mzima, wamezunguka kwa waganga na maombi, ndipo wakaja. Lakini zipo saratani za titi zinazokimbia hivyo, hasa zile zisizo na vipokezi vya homoni (protini za seli zinazopokea homoni), kwa hiyo hatukushtuka.

Nilimpima mimi. Uvimbe ulikuwa sehemu ya juu ya titi upande wa nje, karibu na ngozi, wa mviringo, unateleza chini ya vidole. Ngozi haikuvutwa, chuchu haikuingia ndani wala kutoa majimaji. Kwapani kulikuwa na tezi moja ndogo. Nikaandika hayo, nikafunga faili.

Maswali ya historia yalifuata fomu. Umewahi kuugua saratani? "Hapana." Umewahi kufanyiwa upasuaji? "Hapana, daktari. Hata watoto wote nimezaa kawaida." Kuna mtu kwenye ukoo aliyeugua saratani ya titi? "Hapana." Majibu yote matatu yalikuwa ya kweli, na ndiyo yaliyotupoteza.

Vipimo vya mwanzo

Ultrasaundi ilionyesha uvimbe wa sentimita 4 wenye kingo laini. Kwenye mamografia, yaani eksirei ya titi, ulionekana kama duara lenye mipaka safi, bila chembe za chokaa na bila ile miale ya kingo ambayo saratani ya titi hupenda kuitoa. Mtaalamu wa picha alishauri kichukuliwe kinyama.

Hapa tulifanya uamuzi mmoja mzuri. Daktari mmoja wa timu alitaka uvimbe wote ukatwe siku hiyo hiyo, "maana unateleza, ni dakika ishirini tu." Tulikataa. Ukishakata uvimbe kabla hujaujua, umefunga njia nyingine zote. Tulitumia sindano nene, tukachukua vipande vinne, tukavipeleka patholojia. Kwenye fomu ya maabara niliandika: "Mama, titi la kulia, saratani?" Sikuandika kingine.

Majibu yalirudi baada ya siku 19. Ukurasa wa kwanza ulisema ni saratani ya daraja la 3, na vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni, pamoja na HER2, protini inayochochea seli kukua, vyote hasi. Ukurasa wa pili ulikuwa na mistari mitatu: hakuna saratani iliyoonekana ndani ya mirija ya maziwa, seli hazishikani vizuri, tafadhali oanisha na historia ya mgonjwa na uchunguzi wa mwili mzima.

Tulisoma ukurasa wa kwanza.

Maamuzi ya kwanza

Kwa uvimbe mkubwa usio na vipokezi, kawaida ni kuanza na tibakemia, uvimbe upungue, kisha titi likatwe. Tukampangia doksorubisini na siklofosfamidi kila baada ya wiki 3. Eksirei ya kifua ilionekana safi. CT hatukuipiga kwa sababu angelipa mfukoni, na tukajiambia itasubiri hadi karibu na upasuaji. Sababu hizo hazikuwa za kijinga. Ukilinganisha na mwongozo wa saratani ya titi tulioutumia, kila hatua inapita. Tatizo ni kwamba mwongozo tuliofungua haukuwa wa ugonjwa wake.

Mzunguko wa kwanza ulimtapisha siku nne. Nywele zilidondoka kabla ya wa pili. Uvimbe ulifika sentimita 7. Kwenye raundi tulisema "haisikii dawa" na tukaanza kufikiria kubadilisha dawa. Hakuna aliyesema labda tumekosea jina la ugonjwa.

Kiatu

Siku ya mzunguko wa tatu, sista wa chumba cha dripu alimwona mama akiingia anachechemea, na ndala ya kushoto imekatwa nyuma.

"Mama, mguu una nini?"

"Aa, si kitu, sista. Hapo palikatwa sugu mwaka juzi, hapakupona vizuri."

"Sugu la namna gani?"

"Jeusi. Lilianza kama doa, likachimbika, likawa linatoa maji. Pale zahanati wakalikata. Baadaye nikaota mtoki hapa," akagusa kinena, "wakasema ni sababu ya kile kidonda."

Anayekizungumza Kiswahili tangu utotoni anajua mtoki ni nini. Mtoto akijikata mguu shambani, kesho kinena kinavimba, na bibi anasema ni mtoki, tafuta kidonda kilipo. Kwa lugha ya nyumbani, mama huyu alikuwa anatupa njia yote ya ugonjwa: doa jeusi la unyayoni, kidonda, kisha tezi ya kinena. Alikuwa nayo siku ya kwanza alipokaa mbele yangu. Hakuna aliyemuuliza kwa maneno yake.

Sista hakuning'iniza dripu. Alinipigia simu. Nilipofika nilimkuta mama amelala kitandani, mguu umefunuliwa. Kisiginoni palikuwa na kovu lililokunjamana, na ukingoni mwake doa jeusi la milimita chache lenye kingo zisizo sawa. Kinenani kulikuwa na tezi ngumu ya sentimita 3, haiumi. Mgongoni, chini ya ngozi, nilishika kinundu kingine ambacho mwenyewe hakukijua.

Mwenzangu mmoja alisema tumpe dawa ya mzunguko wa tatu huku tukisubiri majibu mapya, kwa sababu kusimamisha tiba ya saratani isiyo na vipokezi ni hatari. Hoja yake ilikuwa na uzito. Tulimpigia mtaalamu wa patholojia tukamweleza kisigino. Kimya kidogo, kisha akasema: "Hicho ndicho nilichokuwa nauliza." Tukaamua kusimamisha. Wiki moja ya kuchelewa isingemwumiza kuliko dozi ya tatu ya dawa inayochosha moyo, kwa ugonjwa ambao huenda hauitiki kabisa.

Rangi za maabara

Bahati nzuri kinyama kilikuwa kimehifadhiwa kwenye mche wa nta, kwa hiyo hakuna aliyechomwa sindano tena. Wiki hiyo maabara yetu ilikuwa na rangi moja tu kati ya zilizohitajika kutambua protini za seli, zilizobaki zilifanyika kwingine na ndugu walichangishana kulipia. Ilichukua wiki 3.

Keratini, protini ambayo karibu kila saratani ya titi inayo, ilikuwa hasi. S100 na SOX10 chanya. Melan-A na HMB-45 chanya. Ilikuwa melanoma, saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi.

SOX10 peke yake isingetosha, na hapa wengi hujikwaa. Zaidi ya nusu ya saratani za titi zisizo na vipokezi zinaweza kuwa na SOX10, na S100 nayo huonekana kwenye baadhi ya saratani za titi. Ukisimama hapo, unaweza kutoka na jibu lile lile la mwanzo ukijiamini zaidi. Kilichotenganisha ni keratini kukosekana, na Melan-A pamoja na HMB-45 kuwepo. Na mtu asitarajie kuona weusi kwenye darubini: seli za melanoma iliyosambaa mara nyingi zimepoteza rangi yake. Vipande vyetu vinne havikuwa na hata chembe moja ya melanini.

CT ilionyesha vivimbe vingi vidogo kwenye mapafu yote mawili na viwili kwenye ini. Eksirei safi ya miezi mitatu kabla haikuwa imedanganya sana. Vivimbe vya milimita chache havionekani kwa eksirei.

Kikao cha jopo

La kwanza halikuwa na mjadala: titi halikatwi. Kukata titi zima kwa uvimbe uliohamia hapo hakuongezi siku hata moja, na kunamwachia mgonjwa jeraha wakati nguvu zake zinahitajika kwingine. Kama uvimbe ungepasuka, ungetoa harufu au damu, tungeukata kwa ajili ya usafi na heshima yake, si kwa kumponya. Haukupasuka hadi mwisho. Doksorubisini nayo ilisitishwa siku hiyo.

La tiba ndilo lililochukua muda. Tangu 2014 nchi tajiri zina pembrolizumabu na nivolumabu, dawa zinazoamsha kinga ya mwili dhidi ya melanoma, na zimebadilisha maisha ya wagonjwa wengi huko. Bei yake ilikuwa nje ya uwezo wa familia, na bima yake haikuigusa. Daktari mmoja aliona ni ukatili kumtajia mtu dawa asiyoweza kuinunua. Mimi niliona kumficha ni kumwamulia. Tulimwambia. Kaka yake akauliza kama wauze shamba. Tukamweleza ukweli wote: dawa hurudiwa kila baada ya wiki chache, kwa miezi mingi, na melanoma ya nyayo na viganja huitikia kidogo kuliko ile ya ngozi iliyopigwa na jua. Mama mwenyewe ndiye aliyefunga mjadala kwa kusema shamba ni la watoto.

Tukabaki na dakarbazini, dawa ya zamani ambayo huwasaidia wagonjwa wachache, na mara nyingi kwa muda mfupi. Tulisema hivyo hivyo, bila kuipamba.

Aliuliza maswali mawili. La kwanza: "Kwa hiyo titi langu halina kosa?" Nikamwambia lina ugonjwa, lakini ugonjwa si wake. La pili: kama mguu ukikatwa sasa, itasaidia? Hapana, kwa kuwa umeshavuka.

Mwisho

Alipata mizunguko mitatu ya dakarbazini. Ini likazidi kuvimba, tukaacha. Timu ya tiba shufaa, inayotuliza maumivu pale ugonjwa usipopona, ilimpa morfini ya maji na ikamfundisha mdogo wake kuipima. Alifariki nyumbani, takribani miezi minane tangu siku ya kwanza kliniki.

Uchambuzi

Nianze na lugha, kwa sababu ndiyo iliyoniuma zaidi. Nilimuuliza kama amewahi kufanyiwa upasuaji. Kwake upasuaji ni kulazwa, kupigwa nusu kaputi, kushonwa. Kilichofanyika kisiginoni kilikuwa kukatwa sugu, akiwa amekaa kwenye kiti, akarudi nyumbani kwa miguu. Nilimuuliza kama amewahi kuugua saratani. Hakuna aliyemwambia kuwa ile ilikuwa saratani, kwa sababu hakuna aliyejua. Mgonjwa hawezi kukutajia ugonjwa ambao hakuna aliyempa jina lake. Maswali ya fomu yetu yalikuwa tafsiri ya fomu ya kigeni, na tafsiri hiyo iliuliza mambo ambayo watu wetu hawayaiti hivyo.

Kosa la pili ni la mikono. Nilipima titi na kwapa. Kinena sikukigusa, miguu sikuiangalia. Kwa foleni ya watu arobaini asubuhi naelewa ilivyotokea, lakini kuvua viatu hakuchukui dakika.

Shina lenyewe liko mbali na hospitali yetu. Kipande kilichokatwa kisiginoni kilitupwa. Doa jeusi la unyayo linalobadilika, kwa mtu mweusi, ni melanoma hadi darubini iseme vinginevyo, kwa sababu hapo ndipo melanoma ya Waafrika huota zaidi: nyayo, viganja, chini ya kucha. Haihitaji jua. Bob Marley, ambaye picha yake iko kwenye daladala nusu ya nchi, mwaka 1977 alikutwa na melanoma chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, mahali palipodhaniwa kuwa jeraha la mpira, na ikamuua Mei 1981 akiwa na miaka 36. Naitumia hadithi hiyo kufundishia matabibu kwa sababu hawaisahau. Kama kile kipande kingefika maabara mwaka ule, kabla ya mtoki, mama huyu angekuwa na nafasi ya kupona kwa kukatwa vizuri tu. Kuchelewa kwetu sisi kulimgharimu nywele, kutapika, fedha na wiki kadhaa. Kule zahanati ndiko alikopoteza nafasi ya kuishi. Sisemi hivyo kuwalaumu. Hawakuwa na chupa ya fomalini, dawa ya kuhifadhia kinyama, wala njia ya kuipeleka popote.

Kisha kuna ukurasa wa pili. Mtaalamu wa patholojia aliuliza swali kwa adabu, mwishoni, baada ya jibu tulilokuwa tunalisubiri. Sasa tumekubaliana kwamba swali la namna hiyo linakuja kwa simu. Lakini na sisi tulimpelekea fomu isiyo na historia, halafu tukategemea abahatishe.

Yaliyokwenda vizuri si mengi, ila yalitosha kumwokoa na kisu kisichohitajika: sindano nene badala ya kukata, mche wa nta uliohifadhiwa, na sista aliyeangalia miguu wakati madaktari tunaangalia titi.

Lini ushuku

Saratani kuhamia titini kutoka kwingine ni adimu, kati ya nusu asilimia na asilimia 2 ya saratani zinazokutwa kwenye titi, ukiacha zile zinazovuka kutoka titi la pili. Uadimu huo ndio mtego. Zinazotajwa zaidi ni melanoma, limfoma (saratani ya seli za kinga), saratani ya mapafu na ya ovari. Tumbo na figo zipo pia. Kwa wasichana wadogo fikiria rabdomiosakoma, saratani ya misuli. Kwa wanaume, saratani ya tezi dume.

Eneo letu lina jambo lake pia. Limfoma ambayo daktari Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Uganda huweza kuvimbisha matiti yote mawili kwa mama mjamzito au anayenyonyesha, kwa kasi ya siku. Ukiyaona matiti mawili yamevimba hivyo na antibayotiki hazigusi, usiseme jipu mara ya tatu.

Kwenye titi lenyewe, uvimbe mgeni huwa wa mviringo, karibu na ngozi, wenye mipaka safi, unasogea, unakua haraka, bila kuvuta ngozi wala chuchu. Saratani inayozaliwa titini huzungukwa na makovu yanayovuta. Mgeni amekuja na damu, amekaa tu. Ndiyo maana hufanana na fibroadenoma, ule uvimbe usio na madhara wa wasichana. Chembe za chokaa kwa kawaida hazipo, isipokuwa saratani ya ovari ya aina ya serasi, ambayo huzibeba na kuigiza saratani ya titi vizuri sana. Kwenye darubini, kukosekana kwa saratani ndani ya mirija ni dalili, si uthibitisho. Sindano inaweza kuipita. Uzito unakuja dalili hizo zikikaa pamoja: mviringo, kasi, vipokezi vyote hasi, mirija safi. Mgonjwa wetu alikuwa nazo zote nne, kila moja kwenye karatasi yake.

Kilichobadilika kliniki

Swali la fomu sasa linasomeka: "Umewahi kukatwa, kuchomwa, kung'olewa au kutolewa kitu chochote mwilini, popote, hata kama ni sugu, chunjua au jipu? Kilipelekwa kupimwa?" Wanafunzi hulicheka kwa urefu wake. Wagonjwa hulijibu. Wengi hutaja meno na majipu, na mara moja moja hutokea jambo linalofanya tuinuke kwenye kiti.

Mdogo wake alirudi miezi michache baada ya msiba. Alikuwa na sugu kisiginoni na hakulala usiku tatu. Tulimvua viatu vyote viwili, tukaangalia kwa lenzi. Ilikuwa sugu. Aliomba tuangalie tena, tukaangalia.